Nilivyoingia Buffalo kwa Kibali cha Marehemu

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wote na nusu ya ini, kwamba zile kamera walizokuwa wakizifunga juu ya daraja la Louisville zilikuwa za kutupiga picha sisi. Si magari, sisi. Habari yenyewe ilikwenda hivi: mkimbizi akivuka mto Ohio bila barua ya mwajiri wake, kamera inaitambua sura yake, na kadi yake ya kijani inazimika yenyewe mfukoni kama simu iliyoishiwa chaji. Ukifika ng'ambo unaitoa, unakuta kipande cha plastiki nyeupe, huna jina wala sura.

Aliyeniambia ni mzee mmoja wa kwaya yetu, mwimbaji wa sauti ya nne. Mtu akikuambia jambo kwa sauti ya nne huwezi kulipinga, maana linapanda kutoka chini kama tetemeko la ardhi. Yeye alilisikia kwa shemeji yake, na shemeji alikuwa anamjua kabisa mtu ambaye kadi yake ilizimika.

Kabla hamjanicheka, mkumbuke tulikotoka. Kwetu, milimani Kivu ya Kusini, barabara bila bariyeri si barabara, ni uchochoro. Kamba imefungwa kati ya miti miwili, askari ameketi juu ya dumu, na swali ni lilelile: karatasi yako iko wapi? Tukakimbilia kambini Tanzania, na kambini nako hutoki getini bila kibali kinachosema unakwenda wapi na utarudi lini. Mama yangu aliwahi kulala nje ya geti kwa sababu kibali chake kilikufa jioni, yeye angali njiani na kikapu cha mihogo kichwani. Kwa hiyo mzee wa kwaya aliponiambia habari za daraja, sikushangaa. Nilichoshangaa ni kwamba Marekani ilikuwa imechelewa hivyo kufunga kamba yake.

Halafu ikaja shule ya jioni, ikaupa uvumi ule mifupa.

Mimi nina diploma ya shule ya jioni, mjue. Nimeitia fremu kubwa kuliko dirisha la sebuleni, mpaka mwenye nyumba aliuliza kama nimetoboa ukuta. Niliipata baada ya kushinda mchana kutwa ghalani nikifunga maboksi, kisha kukimbia darasani, mikono ikinuka gundi, kukaa kwenye kiti kilichotengenezwa kwa mtoto wa darasa la tatu. Mwalimu wetu wa historia alikuwa mama mmoja Mmarekani mweusi, mstaafu, miwani yake ikining'inia kwenye mnyororo. Hakupenda vitabu vya shule. Alikuja na bahasha nene za nakala za karatasi za karne ya kumi na tisa, barua na vyeti vya wakati wa utumwa, akatugawia kama karata.

Siku ya kwanza akaweka mezani kipande kidogo chenye mistari mitatu minne ya mwandiko uliolala kama mahindi baada ya upepo.

"Hii ni nini?" akauliza.

Mvietnamu mmoja akasema risiti. Mama mmoja wa Kuba akasema mwaliko wa harusi. Mimi nilisoma jina la mtu, jina la mahali, siku ya kurudi, sahihi ya mtu mwingine. Nikanyoosha mkono.

"Kibali, Mwalimu. Mwenye huyo mtu anamruhusu atembee, arudi Jumapili."

"Umejuaje?"

"Ninavyo vitatu nyumbani."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alivua miwani, akaniangalia hivi, akasema, "Basi wewe ndiye utakayetufundisha leo." Nikavimba. Nilivimba hata kiti kile cha mtoto kikalia. Nikaeleza habari za kambi, za geti, za Mama na mihogo yake, na kengele ilipolia nilikuwa bado sijauliza swali moja dogo ambalo lingeniokoa baadaye: karatasi hizi zilikoma lini?

Si kwamba sikujua utumwa uliisha. Hilo hata mtoto analijua. Lakini utumwa kuisha ni jambo moja, karatasi kuisha ni jambo jingine. Mimi sijapata kuona serikali inayofuta karatasi. Zinabadilishwa rangi tu.

Tukasoma nyingine. Kulikuwa na cheti cha mtu aliyekuwa huru, na ili aendelee kuwa huru ilibidi karatasi ieleze kimo chake, rangi yake, na kovu lililo juu ya nyusi. Nilipohojiwa ili nije Marekani niliulizwa pia alama za mwilini, nikaonyesha goti ambalo ng'ombe wetu alilipiga pembe, nao wakaandika. Ng'ombe yule yuko katika faili la Marekani hadi leo. Kulikuwa na barua ndefu za wanawake wa kaskazini waliokuwa wakipita nyumba hadi nyumba kuomba sahihi za watu ili utumwa ufutwe, na wengine wakifungiwa milango usoni. Na kulikuwa na barua moja ambayo sikuweza kuimaliza darasani. Mtu alikuwa ametoroka huku kwetu Kentucky, akavuka mto, akapita Ohio yote, akafika Buffalo, akavuka maji kuingia Kanada. Akiwa huko akaandika, na hakueleza habari zake hata kidogo. Alitaka tu kujua kama mama yake yu hai, na ni nani anayemchotea maji siku hizi.

"Lakini Ohio hapakuwa na utumwa," nikasema. "Kwa nini hakubaki Ohio?"

"Kwa sababu sheria ilimfuata," Mwalimu akasema. "Walikuwa na ruhusa ya kumkamata hata huko, wamrudishe ng'ambo ya mto."

Basi. Sauti ya nne na bahasha ya Mwalimu zikakutana kichwani mwangu, zikafunga ndoa.

Nilipata diploma, nikaendelea na maisha yangu upande wa kusini wa mto, nikijiambia kwamba sina shida ya kuvuka. Nilikuwa nayo. Mama alikuwa Buffalo.

Faili zetu zilitenganishwa kambini. Mimi nikapelekwa Louisville, Mama akapelekwa Buffalo pamoja na mdogo wangu wa kike, nami tangu hapo nilikuwa nikimwona Mama kwenye simu tu, nusu ya uso, maana hakuwahi kujua kamera ya simu iko upande gani. Siku moja mdogo wangu akapiga.

"Yaya," akasema, maana ndivyo kwetu anavyoitwa mkubwa wa kuzaliwa, "jicho la Mama."

Jicho la kushoto la Mama lilikwisha tangu kambini. Sasa mtoto wa jicho alikuwa amelifunika na lile la kulia, na daktari alisema lipasuliwe Ijumaa. Akikosa zamu hiyo anarudishwa nyuma ya foleni, na jicho halina muda wa kupanga foleni.

"Bon, haya, si apasuliwe?" nikasema.

"Amekataa. Anasema hapasuliwi kama wewe hupo mlangoni."

Hilo halikuwa na mjadala. Kwetu mama haguswi na kisu kama kifungua mimba wake hajasimama mlangoni, kwa sababu neno la mwisho, likitokea kuwa la mwisho, linapokewa na mtu, haliachiwi ukuta. Nikasema ninakuja. Nikakata simu, nikakaa chini. Kati yangu na Mama kulikuwa na mto.

Kesho yake nilimfuata msimamizi wangu ghalani. Alikuwa kijana mrefu hivi kwamba ukizungumza naye shingo inakuomba talaka.

"Naomba barua," nikamwambia.

"Barua ya nini?"

"Ya safari. Kwamba unajua ninakwenda Buffalo kwa mama yangu, na nitarudi lini."

Alifikiri ni ya ofisi ya ratiba. Akaandika mistari michache kwenye kompyuta: mfanyakazi huyu hatakuwepo Alhamisi hadi Jumapili, Jumatatu asubuhi yuko zamu. Akatia sahihi. Nikaiangalia barua, nikaona iko uchi.

"Na muhuri?"

"Muhuri gani?"

Nilisimama pale mpaka akachoka. Muhuri pekee uliokuwepo ni ule wa kugonga kwenye maboksi ya vioo. Akaugonga. Nikatoka na barua yenye sahihi ya bosi na neno jekundu linalosema kitu hiki kinavunjika. Sikuliona kuwa kasoro. Muhuri ni muhuri.

Alhamisi alfajiri nikaweka kila karatasi yangu katika bahasha moja ya plastiki: kadi ya kijani, barua ya kazi, barua ya mchungaji, nakala ya diploma, na nakala zote za Mwalimu, kwa kuwa zilikuwa humo tangu shuleni na sikuwa na moyo wa kuzitoa. Kutoka Louisville kwenda Columbus, njia ya Buffalo, unavukia Cincinnati, lakini mto ni uleule, na kamera kama zipo zina undugu. Nilipokaribia daraja niliiegemeza barua kwenye kioo cha mbele, maandishi yakitazama nje, ili zisome bila taabu. Nikaendesha polepole ili zisome vizuri. Lori lililokuwa nyuma yangu lilipiga honi iliyonyanyua kofia yangu. Jasho lilikuwa likinitiririka mpaka viatuni. Sikuona kamera hata moja, nalo likanitia hofu zaidi.

Ng'ambo nikaingia kwenye kituo cha mafuta, nikatoa kadi. Sura yangu ilikuwepo bado. Ilinitazama, nayo ilikuwa na wasiwasi.

Nikapumzika kidogo Westerville, kando ya Columbus, kwa binamu yangu, ambaye aliishi Louisville kabla ya kuhamia huko. Nilitaka aniambie kwamba hayo yote ni upuuzi. Badala yake akakuna kidevu.

"Mimi nilipohama niliiandikia serikali anwani mpya," akasema. "Usipoandika ni kosa. Donc, yaani, karatasi ipo."

"Lakini mimi sihami. Ninatembea."

"Kutembea sijui. Ulivuka na barua?"

"Niliiweka kiooni."

"Sasa unaniuliza nini?"

Mkewe akasema sisi wawili tuna akili moja tu, tugawane. Binamu akajitolea kunisindikiza hadi Buffalo, yeye ashike usukani, mimi nishike bahasha. Tulipotoka tu akaniambia, "Ukikamatwa, mimi nilikupa lifti. Sikujui."

"Tumbo lililomzaa mama yangu ndilo lililomzaa mama yako."

"Barabarani hakuna tumbo."

Tukapita Ohio, tukapita pembe ya Pennsylvania, hakuna aliyetusimamisha, nami nikaanza kupumua kwa pua zote mbili. Tukaingia jimbo la New York. Na hapo, mbele yetu, kukatanda barabara nzima vibanda kwa safu, na miti ya bariyeri imelala mlalo.

Mashine ikatoa karatasi, binamu akaichukua, mti ukainuka.

"Umeona?" nikasema. "Karatasi."

"Nimeona."

"Imesema nini?"

"Imesema tulipoingilia."

Sasa walikuwa wameandika tulipoingilia. Sijui kama nilipepesa macho kutoka hapo hadi karibu na Buffalo, ambako vibanda vingine vilitungoja, na safari hii ndani yake mlikuwa na watu. Wetu alikuwa mama mmoja mweusi wa makamo, mwenye kucha ndefu za rangi ya zambarau. Binamu akampa ile karatasi ya mashine na pesa. Mimi sikungoja kuulizwa. Nikanyoosha mkono mbele ya kifua cha binamu, nikampa yule mama karatasi ya kwanza kutoka kwenye bahasha.

Aliipokea. Akaisoma. Magari nyuma yakaanza kulia, naye hakuyajali. Akainama kidogo, akanitazama usoni, akairudia tena karatasi, kisha akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha picha ya msiba. "Nendeni salama," akasema, mti ukainuka.

Binamu alikwenda mwendo mrefu kabla ya kuuliza. "Umempa nini?"

Nikaitazama. Haikuwa barua ya msimamizi wangu. Ilikuwa nakala ya Mwalimu, ile ya mistari mitatu minne, ya mtu wa Kentucky aliyeruhusiwa kutembea na kurudi Jumapili.

"Bon," akasema binamu. "Umeingia kwa kibali cha marehemu."

Alicheka mpaka gari likayumba. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimeingia mji kwa jina la mtu mwingine, na karatasi iliyoandikwa tulipoingilia ilikuwa mikononi mwao.

Nyumba ya mdogo wangu iko juu ya duka, hatua chache kutoka Grant Street. Mama alikuwa ameketi kitandani, nguo ya kanisani mwilini tangu asubuhi. Hakuweza kuniona. Alinishika masikio, akashuka mashavuni, akafika kwenye kidevu, akasema nimekonda, jambo ambalo mizani yoyote ya Marekani ingelikana. Nilipaswa kukaa kimya hapo. Lakini mimi nikiwa na hofu ninasimulia, nikamsimulia yote: kamera, muhuri wa vioo, kucha za zambarau, marehemu. Mdogo wangu alikuwa akicheka jikoni. Mama hakuwa akicheka. Vidole vyake vilikuwa vimeacha kusogea juu ya mkono wangu.

Binamu akarudi kwake kwa basi jioni ileile, na Ijumaa asubuhi tukawa hospitali. Nesi akampima Mama presha, akampima tena, akabadilisha mkono. Daktari akaja, akasema iko juu mno, hapasui jicho la pekee la mtu kwa presha hiyo. Atulie, anywe dawa, Jumatatu asubuhi atakuwa wa kwanza.

Ndani ya gari Mama akauliza swali ambalo ni watu wa kwetu tu wanaoliuliza.

"Kibali chako kinakufa lini?"

"Jumatatu asubuhi niwe kazini, Mama."

Tukafika nyumbani. Akapanda ngazi akihesabu kwa mguu, akaketi, akavua viatu. "Basi Jumapili urudi," akasema. "Mimi najua kulala nje ya geti. Sitaki wakuzimie kadi kwa ajili yangu. Jicho tutaliacha."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeacha kipande cha nyama ili mtoto ashibe, na hicho ndicho kilichonimaliza. Mdogo wangu alimbembeleza Jumamosi nzima. Mama akajibu jibu moja: bila mimi mlangoni hapasuliwi, na mimi mlangoni sikai.

Jumapili baada ya ibada nilishuka Grant Street kumtafutia sombe, majani ya muhogo, nikazunguka maduka matatu, nikarudi na mchele tu, kwa sababu sikuwa ninaona nilichokuwa nikikitazama. Mdogo wangu alinikuta ngazini.

"Yaya, mimi nimekaa mji huu siku zote hizi, sijawahi kusikia habari hiyo."

"Kwa sababu hujavuka."

"Basi mpigie simu mtu anayejua. Yeyote. Kabla Mama hajakunja hata nguo aliyoiandaa kwa hospitali."

Nilimjua mtu mmoja tu anayejua habari za vibali. Nikampigia Mwalimu. Nilikuwa na mpango: ana mwandiko mzuri, ana sahihi iliyo kwenye diploma yangu, aniandikie barua ya kuongeza siku mbili, mdogo wangu aichapishe. Tuliweka simu kitandani, sauti imefunguliwa, mdogo wangu akawa anamtafsiria Mama neno kwa neno.

"Barua ya kumpa nani?" Mwalimu akauliza.

"Wa barabarani, Mwalimu. Ile niliyonayo inakufa kesho."

"Nisomee hiyo uliyonayo."

Nikaisoma hadi mwisho.

"Na ina muhuri," nikaongeza.

"Muhuri unasemaje?"

"Kwamba inavunjika."

Kabla hajauliza jingine nikammwagia habari za daraja, na vibanda, na nakala yake niliyoitoa kwa makosa, na yule mama aliyeisoma magari yakilia. Hapo ndipo nilipomsikia Mwalimu akivuta kiti na kuketi.

"Anasemaje?" Mama akauliza.

"Bado hajasema," mdogo wangu akajibu.

Kisha Mwalimu akasema, polepole, kama alivyokuwa akituandikia ubaoni. "Yule mama wa kwenye kibanda anapokea ushuru wa barabara. Kamera za daraja la Louisville zinapiga picha namba ya gari, ili bili ije nyumbani kwako. Barua ya msimamizi wako inawaambia watu wa ratiba ni nani hayupo zamu. Vile vibali nilivyokuonyesha vilikufa pamoja na utumwa, na hakuna mtu katika nchi hii anayehitaji karatasi ya bosi ili aende kwa mama yake. Kesho asubuhi, kabla ya zamu kuanza, piga simu kazini, sema mama yako anapasuliwa jicho na utarudi Jumatano. Halafu kaa hapo."

Mdogo wangu alipomaliza kutafsiri, Mama akapapasa nguo yake ya kanisani, akanipa niitundike mlangoni tayari kwa Jumatatu.